Misaipresi Ilipobana Pumzi

Kila asubuhi saa tatu kamili, si dakika moja kabla wala dakika moja baada, Mpimaji alipanda ngazi thelathini na mbili mpaka juu ya paa la zahanati, mkono mmoja umeshika kikapu na mwingine unapapasa ukuta. Kikapuni mlikuwa na vitu vinne: mkasi mdogo, kopo la mafuta ya mgando, utepe mpya uliokwisha kupakwa mafuta hayo, na kitambaa cha kufutia mikono.

Kule juu palikuwa na mtego. Usidhani ni mtego wa panya. Lilikuwa sanduku la bati lenye mdomo mwembamba kama wa kibubu, na nyuma yake mkia wa bati uliougeuza mdomo huo kuelekea upepo unakotoka. Ndani, pipa dogo lilizungushwa na saa, taratibu, mzunguko mmoja kwa siku nzima, na utepe ukazunguka nalo. Chochote kilichopeperuka hewani kiliingia mdomoni kikanasa: masizi, vumbi, bawa la mbu, na kile hasa alichokitega, ule unga wa njano wa maua ya miti ambao waliosoma sana huuita chavua.

Akishashuka, aliulaza utepe wa jana juu ya kioo, akaudondoshea rangi ya waridi, kisha akaiinamia hadubini na kuhesabu punje moja moja. Zikipita mia, alipandisha bendera ya njano. Zisipofika mia, aliiacha nyeupe. Mtaa mzima wa wenye vifua vibovu haukufungua dirisha kabla ya kulitazama paa lile. Kasoro ilikuwa moja tu, na kila mtu aliijua na kila mtu aliisahau: bendera ya leo ilisema habari za jana.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na zahanati, kulikuwa na nyumba ya vyumba viwili. Humo Mpimaji aliishi na mdogo wake, fundi cherehani, ambaye watu walimwita Sindano. Wengine walisema ni kwa wembamba wake, wengine kwa ulimi wake. Sindano alizaliwa na pumu. Mwaka uliotangulia, msimu wa maua, alilazwa siku tatu, mrija wa hewa puani, midomo imekuwa rangi ya wino. Alipotoka, daktari alimvuta Mpimaji pembeni, kwenye kona ya ndoo za kufagilia, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, tusidanganyane. Kifua kile hakina akiba. Shambulio jingine kama lile hakitalistahimili."

Tangu siku hiyo, Mpimaji alihesabu kwa niaba ya mtaa, lakini moyoni alihesabu kwa ajili ya dirisha moja.

Basi mwaka huo, baridi ilipokuwa inaaga, ukungu ukashuka na kukaa. Haukuwa ule ukungu wa asubuhi unaoondoka jua likikohoa. Huu ulikaa kama mgeni asiyesema anaondoka lini. Siku ya kwanza Mpimaji alihesabu utepe wote, akapata sifuri. Akafuta lenzi kwa ncha ya kitambaa, akahesabu tena. Sifuri. Siku ya pili, sifuri. Siku ya tatu utepe ulitoka mtegoni msafi kama ulimi wa mtoto mchanga, hauna hata masizi.

Sindano alifurahi kupita kiasi. Alifungua mbao zote mbili za dirisha, akasogeza cherehani mpaka kwenye kizingiti, akawa anashona huku anaimba, jambo ambalo hakulifanya msimu wa maua tangu alipokuwa mtoto.

"Dada," alisema asubuhi ya siku ya nne, pini tatu zimebanwa midomoni, "mimi nakwambia ile miti imezeeka. Imefikia ukomo. Hata miti ina umri wa kuacha mambo hayo."

"Toa pini mdomoni unapocheka. Utameza."

"Nikimeza utanihesabu kwa hadubini." Akacheka mwenyewe, kifua safi, bila mluzi wowote ndani yake. Mpimaji alisimama mlangoni akausikiliza ule ukimya wa kifua kama mtu asikilizaye habari njema kwa lugha asiyoielewa vizuri.

Getini alimkuta mlinzi, mzee mmoja mwenye mguu mmoja mzito na maneno mepesi.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Unakwenda kuhesabu ukungu?"

"Ukungu hauhesabiki."

"Basi wanakulipa bure. Wangenipa mimi hiyo kazi, naijua tayari: sifuri, sifuri, chai." Akacheka, kisha kicheko kikakatika katikati, kama kimekumbuka jambo. "Ila mwanangu, hebu niambie. Kunguru wangu wako wapi? Siku ya nne leo. Jana niliwatupia maganda ya mkate pale chini ya miti. Leo yapo vilevile, yamelowa. Hata sisimizi hajayagusa."

Miti aliyoisema ilikuwa misaipresi iliyopandwa zamani nyuma ya zahanati kukinga upepo, safu mbili, mirefu, imesongamana kileleni hata chini yake mchana hufanana na magharibi. Mpimaji alikwenda kuitazama. Kwenye ncha za vijiti palikuwa na vishada vya maua, kila kimoja hakizidi punje ya mchele, maelfu kwa maelfu. Vilikuwa vimevimba. Akakibana kimoja kwa kucha, kikatoa ute wa njano kama jipu. Kilikuwa kimeshiba na kimefumba. Vyote vilikuwa vimeshiba na vimefumba.

Akajaribu kusikiliza. Palikuwa na sauti moja tu, ya matone yakianguka kutoka majanini. Akabana pumzi apate kusikia vizuri zaidi. Matone yakaacha kuanguka. Akangoja, masikio yakimwasha kwa ukimya. Kifua kilipomlazimisha akaiachia pumzi, na papo hapo matone yakaanza tena, tii, tii, tii, kama hayakuwahi kukoma.

Mpimaji hakukimbia. Mtu mzima hakimbii ovyo. Lakini njia nzima ya kurudi hakugeuka nyuma.

Siku ya tano, sifuri.

Siku hiyo alimkumbuka Fundi Saa kuliko ilivyo kawaida. Huyo ndiye aliyemfundisha kazi. Alikuwa mtengeneza saa kabla zahanati haijamwita kuirekebisha ile saa ya mtegoni, akaja kwa siku moja akakaa miaka kumi na saba. Alikuwa na tabia ya kufunga fundo kwenye ncha ya kitambaa kila apatapo jambo asilotaka kulisahau, hata leso yake ilijaa mafundo pembe zote nne. Nalo neno lake kubwa lilikuwa hili: "Sifuri ya msimu wa kiangazi ni sifuri. Sifuri ya msimu wa maua ni pumzi iliyobanwa. Mti hausahau, mwanangu. Unyevu ukiushika, unafumba mdomo. Siku jua litakapouachia, utatema vyote kwa mkupuo."

Mpimaji, siku zile bado mgeni, alicheka. Mwaka uleule Fundi Saa alikutwa juu ya paa, amelala kifudifudi kando ya mlingoti, baada ya mvua ya radi. Wakasema ni moyo. Bendera nyeupe ilikuwa mlingotini, na ile ya njano ilikuwa kwapani mwake, imekunjwa vizuri. Wakamzika, bendera ile ikapotea katika pilikapilika za msiba. Kwa miaka miwili Mpimaji alitumia kipande cha kanga ya njano, mpaka Sindano alipohamia kwa dadake akashona mpya, ya kitambaa kizito, pana kama shuka, mishono miwili miwili pembeni. Sindano hakuwahi kumwona Fundi Saa hata kwa picha.

Unaweza kuuliza, kama Mpimaji alilikumbuka neno la mzee, kwa nini hakupandisha njano tangu siku ile ya tano? Sababu ipo, nayo inauma. Mwaka wake wa kwanza peke yake alipandisha njano kwa kuhisi tu, kwa kuwa upepo ulimnukia vibaya. Watu themanini walijaza zahanati wakidai dawa, hewa ikiwa safi kama maji ya mtungi. Daktari alimweka katikati ya wauguzi, akamwambia, "Bendera ni hesabu, si hisia." Maneno hayo yakaandikwa kwa wino mzito, yakabandikwa juu ya meza yake. Na aliyeumwa na nyoka, ukiona amemkwepa ukambaa usimcheke.

Siku ya sita, saa tatu, alipofika paani, ukungu ulikuwa unapasuka. Jua lilichomoza tundu moja tundu moja, halafu lote kwa pamoja, kali, kama mtu aliyefunua pazia kwa hasira. Bendera nyeupe ilining'inia imelowa chepechepe, imejaa maji ya siku tano, nzito kama nguo iliyosahauliwa kambani. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa uzi. Akatoa utepe wa jana, akaweka mpya, akashuka.

Hesabu ya jana: sifuri. Bendera ikabaki nyeupe. Kanuni ni kanuni.

Alipokuwa anaandika hiyo sifuri, kalamu ilikwaruza. Akaipuliza karatasi. Kitu laini kiliruka. Akapitisha kidole juu ya daftari, kikatoka na rangi ya njano. Akatazama kizingiti cha dirisha lake dogo la nyuma: njano. Mezani, juu ya kikombe, kwenye mgongo wa mkono wake mwenyewe: njano. Hapo ndipo aliposikia upepo. Ulikuwa mkavu, wenye joto, unatokea kule nyuma kwenye miti, na haukuvuma kama upepo wa siku zote. Ulitoka, ukatulia kidogo, ukatoka tena. Ulitoka kama pumzi.

Ukutani kile kipimo cha unyevu, kilichokuwa kimekwama juu kabisa siku tano, kilikuwa kinashuka, nawe unakiona kwa macho.

Macho yake yakaenda kabatini, kwenye daftari la zamani la Fundi Saa. Hakuwa amelifungua tangu msiba. Akalifungua ukurasa wa mwisho, akasoma mwandiko ule mdogo, ulionyooka kama meno ya kitana: Sifuri. Sifuri. Sifuri. Sifuri. Sifuri. Mstari wa sita ulianza: "Saa nne, jua, upepo mkavu toka mitini, bendera imeji..." Neno liliishia hapo. Kalamu ilikuwa imeburuzwa pembeni, kama mwandishi aliitwa ghafla.

Nywele za shingo zikamsimama. Bendera imeji nini?

Mkono ulikwenda kwenye droo ya bendera ya njano, ukarudi. Yale maneno ya wino mzito yalikuwa yanamtazama. Hesabu, si hisia. Basi akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alipanda mbio, akafungua mtego, akakata kipande cha utepe cha saa ile moja tu. Hata hakuinua macho kutazama mlingoti, maana upepo ulimtia unga machoni na alikuwa na haraka ya kazi. Akashuka, akakilaza juu ya kioo, akatia rangi, akainama.

Hapakuwa na nafasi baina ya punje na punje. Zilikuwa duara, maelfu, kila moja na kitu kama nyota katikati, zimebanana kama macho ya umati wa watu, na zote, yeye aliona hivyo, zilikuwa zinamtazama. Alifika mia sita katika pembe moja tu ya kioo. Tone la maji likamponyoka kwenye bomba la rangi, likaangukia ukingoni. Akaziona punje zinakunywa. Zikavimba. Ganda la kwanza likapasuka na kumwaga vitu vidogo mno, kama moshi. La pili likapasuka. Kisha yote, moja baada ya jingine, kimya kimya. Punje nzima hunasa puani mtu akapiga chafya. Moshi ule haunasi popote. Unashuka mpaka chini kabisa ya kifua.

Ilikuwa inakaribia saa sita alipoichukua bendera ya njano na kupanda. Mlinzi alimpigia kelele toka chini.

"Mwanangu! Leo umewahi! Mimi tangu saa nne nimeona njano, nikawaambia watu wote wajifungie!"

"Umeona nini?"

"Njano! Si hiyo hapo juu?"

Mpimaji akageuka kuutazama mlingoti. Bendera ilikuwa ya njano.

Alisimama, na ya njano nyingine iko kwapani mwake. Kamba ilikuwa imefungwa kwa fundo lake mwenyewe, lile la mizunguko mitatu ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Hakuna aliyepanda. Akaunyoosha mkono, akaushika upindo wa bendera. Vidole vikaacha alama nne, na ndani ya kila alama palionekana weupe. Ilikuwa ileile nyeupe. Ilikuwa imekunywa ukungu siku tano ikawa mbichi, na miti ilipotema, unga wote ukagandia juu yake. Bendera ilikuwa imejipaka yenyewe.

"Imejipaka," alisema kwa sauti. Ndilo neno lililokatika daftarini.

Akatazama ng'ambo. Dirisha la Sindano lilikuwa limefungwa, mbao zote mbili, na kitambaa kimetiwa kwenye ufa. Moyo wake ukashuka mahali pake. Akacheka kicheko kidogo kikavu. Na hapo ndipo alipokosea, kosa ambalo asiyekuwa mpimaji wa hewa hawezi kulikosea. Alijiambia: kuna haja gani kuvua njano na kuvika njano? Miti yenyewe imepandisha bendera yake. Nani atasema kweli kuliko miti? Akaikunja ile yake, akaipachika tena kwapani, akashuka kwenda kuandika.

Saa nane joto lilikuwa kama la tanuri. Mashariki mawingu yakaanza kupandana, meupe juu, chini meusi kama sufuria. Saa tisa ngurumo ya kwanza ikapita chini ya sakafu, vioo vikalia kwenye kisanduku chao. Halafu upepo wa baridi ukashuka toka mawinguni, ukakumba kila kilicholala chini, na nyuma yake matone makubwa.

Mlinzi akaingia mlangoni anapangusa uso, furaha tupu. "Mungu mkubwa! Mvua imekuja kuosha hewa. Nusu saa watu watafungua madirisha wanuse udongo. Na bendera yako nayo imeshakuwa nyeupe!"

"Umesema nini?"

"Nyeupe. Peee. Si ulibadilisha?"

Kalamu ilianguka. Aliona mambo mawili kwa pamoja: punje zile zikinywa tone la maji na kupasuka, na dirisha la ng'ambo ya barabara. Mvua ilikuwa imeiosha bendera saa ileile hewa ilipokuwa mbaya kuliko saa zote. Naye alikuwa na ya njano kwapani, imekunjwa vizuri.

Akapiga simu. Ikaita, ikaita, Sindano huiweka simu kabatini isiingie nyuzi. "Mzee, nenda kwangu! Mwambie asifungue!" Mlinzi alitazama uso wake, akatoka mvuani anauburuza ule mguu mzito. Yeye akapanda. Ngazi thelathini na mbili, na katika kila moja alijua kwamba kuna mtu mwingine aliyezipanda hivi hivi.

Paani maji ya njano yalikuwa yanatiririka kutoka kwenye bendera, yakashuka mlingotini, yakatambaa sakafuni mpaka viatuni mwake. Radi ilimulika, bendera ikawaka nyeupe kama sanda. Akashika fundo. Kamba ilikuwa imevimba kwa maji, mizunguko mitatu imekuwa jiwe. Akatia kucha, kucha ikavunjika. Akatia meno. Mkasi uko chini, kikapuni.

Ng'ambo, kitambaa cha ufa kikavutwa ndani. Ubao wa kulia ukaanza kufunguka.

"Sindano!" Radi ikalimeza jina. "Funga!"

Ubao ukafunguka wote. Akauona uso wa mdogo wake, umeinuliwa kutazama paa, unatazama bendera nyeupe, unatabasamu. Mkono ulikuwa unakwenda kwenye ubao wa kushoto.

Mpimaji akauacha mlingoti, akakimbilia ukingoni mwa paa na kuikunjua ile ya njano. Alitaka kuinyoosha kwa mikono miwili juu ya kichwa, lakini ilikuwa pana kama shuka, na upepo ukampokonya upande mmoja. Kitambaa kikajikunja, kikamfunika uso, kikampiga, kikawa kamba tu isiyoonekana na mtu. Akakishika upande aliobakiwa nao kwa mikono yote miwili na kukaza. "Nyooka," alikiambia, analia. "Nyooka, jamani."

Kikanyooka.

Ule upande wa pili, uliokuwa unapigapiga hewani, ukatulia ghafla na kuvutika. Wewe umewahi kukunja shuka na mwenzio, unaujua ule uzito, unavuta huku na mwenzio anavuta kule. Ndio huo. Bendera ilisimama imekazwa, pana, ya njano, haikutikisika katika upepo uliokuwa unang'oa mabati. Mpimaji alikaza macho dirishani. Hakutazama upande ule mwingine. Alisikia tu, karibu sana, pumzi ya mtu mwenye shida ya kupumua, ikiingia na kutoka.

Sindano alitazama. Mkono ukasita. Kisha ubao ukagongwa ukafungwa, kwa nguvu hata Mpimaji aliona vumbi la maji likiruka.

Na mvutano wa upande wa pili ukaachia. Kitambaa kikaanguka miguuni mwake, kizito, kimelowa.

Jioni zahanati haikuwa na pa kukanyaga. Walikuja wote waliotoka kunusa udongo, wengine hawakuwahi kuugua pumu maishani mwao, wameshika shingo, macho yamewatoka. Daktari alipita baina yao akiwa na mitungi ya hewa, na alipomfikia Mpimaji alisimama. Akatazama ile karatasi ya wino mzito, akaibandua ukutani mwenyewe, akaikunja, akaitia mfukoni.

Sindano naye aliletwa na mlinzi, akiwa anatembea kwa miguu yake. Alikuwa amevuta pampu yake ya dawa mara sita. Kifua kilipiga mluzi, lakini kilipiga. Alikaa kwenye benchi, shuka begani, anatetemeka kidogo, na ulimi wake ulikuwa wa kwanza kupona.

"Pumzi mbili tu nilivuta, dada. Mbili. Ningevuta ya tatu ungetafuta fundi mwingine."

"Nyamaza, upumue."

"Napumua. Nilikuwa naifungua kabisa, nikaona mnakunja shuka juu ya paa kwenye radi. Nikasema hawa wana wazimu. Halafu nikaiona rangi." Akakohoa, akafuta mdomo. "Ulikuwa na nani?"

"Peke yangu."

Sindano akajifunika shuka vizuri. Nje maji yalikuwa yanadondoka kutoka majanini, tii, tii, tii.

"Haya," akasema. "Sawa."

Asubuhi yake Mpimaji aliianika bendera ya njano kambani uani, Sindano akawa anaikagua mishono yake, anapitisha vidole pembeni kama afanyavyo fundi yeyote akutanapo na kazi yake. Akafika kwenye pembe moja, ile ambayo Mpimaji hakuishika, akakunja uso.

"Hii nani kaifunga?"

Palikuwa na fundo. Dogo, limekazwa sana, hata maji hayakuwa yameingia katikati yake. Bendera hiyo Mpimaji aliipiga pasi mwenyewe mwanzo wa msimu, pembe zote nne, bapa.

"Lete nilifungue," Sindano akasema, akachomoa sindano kwenye gauni lake. "Litaniharibia kitambaa."

"Liache."

"Lina faida gani?"

Mpimaji akatazama juu ya paa, kisha nyuma yake, kwenye safu mbili za misaipresi zilizosimama kimya, zimeoshwa, zimetulia, kama hazijafanya kitu. Ukungu mwembamba ulikuwa umeanza kurudi vileleni. Akaichukua bendera kambani ikiwa bado mbichi, akatia mkasi mfukoni, akaanza kupanda ngazi, ingawa haikuwa imetimia saa tatu, na ingawa utepe wa jana hakuwa ameuhesabu.